Kiazi Si Mboga

Kila mwaka chuo kinatoa maafisa lishe wapya, na kila mwaka nawaona wakiingia Malindi na makoti meupe yaliyopigwa pasi, mkobani wamebeba karatasi ileile niliyopewa mimi. Karatasi ina picha ya sahani. Kwenye sahani pana brokoli, kipande cha samaki wa rangi ya waridi ambaye hajapata kuvuliwa bahari hii, na vijiko viwili vya nafaka ambayo mamangu kule kijijini Adu angeidhani ni chakula cha vifaranga. Hasira zangu zinaanzia hapo. Aliyeichora sahani ile hakumuuliza mtu yeyote wa pwani hii anakula nini, wala anakula na nani.

Mimi si mzee. Kazi ya lishe nimeiacha kabla mvi hazijaniota, na wenzangu hunitania kwamba nimestaafu ningali nanyonya. Lakini niliifanya miaka ya kutosha kujua wapi ninyi wapya mtajikwaa, na afadhali mjikwae mkiwa mmeonywa. Tena msiniamini kwa sababu nimesema mimi. Pimeni wenyewe. Nilipokuwa chuoni walimu walinichoka kwa maswali, na sioni kwa nini ninyi mnipokee mimi kwa makofi.

Kosa la kwanza mtakalofanya ni kumuuliza mtu amekula nini. Huku kwetu kula ni wali, au ugali, chakula kilichopikwa jikoni kikapakuliwa watu wakakaa. Mengine hayaitwi kula. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi ni kufungua kinywa. Muhogo wa kukaanga wa pilipili na ndimu, ule wa kununua njiani, ni kujishikiza. Viazi vya karai ni kuonja. Halua na kahawa ni mazungumzo. Mtu atakuapia kwamba tangu asubuhi hajala, na hatakuwa amesema uongo.

Bi Zuhura aliniapia hivyo. Alikuja kliniki akitembelea mkongojo, mkono mwingine ameshikwa na Mwanaidi, mke wa mwanawe. Ni mjane wa mtaa wa Barani, anakaa na mwanawe Athmani, huyo Mwanaidi, na wajukuu. Daktari alikuwa amemtazama magoti, amempima damu, hana sukari wala presha, akamwambia magoti yamechoka kubeba mzigo, apunguze mwili polepole. Akamleta kwangu.

Nilimwamkia, nikamuuliza anataka apungue kilo ngapi. Ndivyo nilivyofundishwa: lengo liwe na nambari.

"Kilo za nini, mwanangu?" akaniuliza. "Mimi naswali kitini."

Sikuelewa. Mimi ni Mkristo wa Adu, nilijua Waislamu wanasali, sikujua mengi zaidi ya hapo. Akanieleza kwamba magoti yamekataa, akishuka chini hainuki mpaka ainuliwe, kwa hiyo anaswali amekaa kwenye kiti cha plastiki na sijida anaifanya kwa kuinamisha kichwa. Nikamwambia nimesikia dini imewaruhusu wagonjwa.

"Dini imeniruhusu," akasema. "Moyo wangu ndio haujaniruhusu. Nataka paji la uso lifike mkekani kabla sijazikwa."

Hilo ndilo lililokuwa likimleta. Nililiandika kwenye faili mahali pa lengo, na mwenye kliniki, mwajiri wangu, akalikata kwa kalamu nyekundu akaandika kilo.

Basi nikamuuliza amekula nini, akaapa hajala. Mwanaidi akakohoa.

"Mama, na yale mahamri?"

"Yale nilikuwa nayaonja kama yameiva."

"Manne?"

"Yalitoka karai mbalimbali, Mwanaidi. Utajuaje?"

Nilicheka, wakacheka na wao, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Msimcheke mtu kama huyu kwa dharau. Ninyi wenyewe hesabuni mlivyojishikiza leo. Mwili haujui tofauti ya kula na kuonja. Kila kinachopita kooni una kazi nacho: unakitumia, au unakiweka akiba. Anayetaka kupungua lazima aingize kidogo kuliko anachotumia, kidogo tu, kwa muda mrefu. Sayansi yote ya kupunguza mwili ni hiyo, na inakasirisha jinsi watu wanavyoifunika kwa maneno ili wapate cha kuuza.

Halafu nikauliza nyumbani mboga huwa gani. Mwanaidi akanijibu bila kusita: viazi. Mchuzi wa kuku una viazi, pilau ina viazi, biriani ina viazi, na siku hakuna nyama, viazi vyenyewe vinapikwa kwa nazi vikaliwa na wali au chapati. Huku pwani kiazi kimepewa uraia wa mboga, hakuna aliyepinga. Nawaambia ninyi leo, pingeni. Kiazi ni ndugu wa wali. Muhogo ni ndugu yao, ndizi ya kupika ni binamu, na mahamri ni wa ukoo huohuo aliyeoga mafuta. Sisemi ni vyakula vibaya. Nasema wakikaa wote kwenye mlo mmoja hawamwachii mgeni nafasi.

Nikampa mpango. Apakuliwe sahani yake peke yake: nusu mboga za majani au bamia au biringani, robo samaki au kunde, robo wali usiozidi ngumi yake. Mpango huu ni sahihi hata leo. Kitabuni hauna kasoro. Ukaharibika siku ya kwanza.

Ukaharibika kwa sababu nyumba ile inakula sinia moja. Wali unamiminwa katikati, mchuzi juu yake, watu wanakaa mkekani wakalizunguka, Bi Zuhura naye akishushwa na kuinuliwa, kila mmoja akala upande wake. Anayekula kando ni mmoja kati ya wawili: mwenye maradhi ya kuambukiza au aliyenuna. Mwanaidi, kwa kuiheshimu kliniki, alimpakulia mavyaa yake sahani ndogo akamketisha pembeni. Wajukuu wakauliza bibi amekosa nini. Na katika saa hiyohiyo akaingia jirani, Bi Rukia, kuomba ukwaju. Akaona mkongwe yuko pembeni na sahani ya mchicha, na wengine wamelizunguka sinia la wali wa nazi.

Alichukua ukwaju wake akatoka. Kufika alasiri, Barani nzima ilikuwa inajua kwamba Mwanaidi anamnyima mavyaa yake chakula.

Nimeyasikia haya kutoka kwa Mwanaidi mwenyewe, analia. Athmani alivutwa kando na mzee mmoja msikitini akaulizwa kama ameshindwa kumlisha mamake. Akarudi nyumbani akafoka. Bi Zuhura akaisukuma ile sahani, akarudi siniani, na ili asimwaibishe mkaza mwana wake wala asiliache lengo lake, akaanza kuukwepa mlo wa mchana kabisa. Akiulizwa anasema amefunga sunna. Jioni njaa inamrudisha kwenye mahamri.

Katika vitabu vyote nilivyosomeshwa hapakuwa na ukurasa wa Bi Rukia. Palikuwa na kurasa nyingi za vimeng'enya.

Sasa niwaambie habari ya kopo, na mnisamehe ulimi.

Mwenye kliniki alikuwa akiuza makopo ya unga wa vanila. Unakoroga na maji, unakunywa badala ya chakula, na juu yake unapewa majani ya chai ambayo kazi yake kubwa ni kukukimbiza chooni. Ukutani alibandika picha za watu kabla na baada. Kila mtu kwenye "kabla" amenuna, kila mtu kwenye "baada" anacheka, kana kwamba unene ni aina ya huzuni. Nilimuuliza mara nyingi wale watu wako wapi sasa, mwaka mmoja baadaye wakoje. Kila mara aliinuka akanyoosha picha ukutani.

Siku moja nilikwenda Kilifi kwenye mkutano. Bi Zuhura akaja, akamkuta mwenye kliniki. Bwana huyo akamwambia wanga ni sumu, asiguse wali, asiguse muhogo, hata ndizi asiitazame. Akampa makopo na majani.

Alipungua kweli, upesi hata mimi nilipokuja kumpima wiki chache baadaye nilishtuka. Mwenye kliniki alifurahi akaanza kutafuta mahali pa picha ukutani. Bi Zuhura mwenyewe hakufurahi. Aliniambia anaona vimulimuli, na mikono inatetemeka akishika birika. Nikamwambia aache kopo siku ileile. Akasema ataliacha, lakini la mwisho limebaki nusu, ni haramu kutupa.

Alianguka bafuni akitawadha. Hakuvunjika, nashukuru, lakini nyonga iliumia na akalala kitandani. Nilipofika kumwona alikuwa anaswali kwa kulala, anaashiria kwa macho.

Fikirini jambo hili. Mtu alikuja kwetu akitaka kushuka kutoka kitini mpaka mkekani. Sisi, wenye koti na mizani, tukamshusha mpaka kitandani. Nilirudi kliniki nikamweleza mwenyewe aliyoyafanya.

"Lakini kilo zimepungua," mwenye kliniki akaniambia.

"Maji ndiyo yamepungua. Na nyama ya mapaja iliyokuwa inamzuia asianguke."

"Kadzo, wewe unapinga kila kitu. Hata mafanikio unayapinga."

"Nenda kayatazame hayo mafanikio yako kitandani."

Hakwenda. Na uzito wote ukarudi, na ziada, kama unavyorudi kwa kila mtu aliyeuondoa kwa njaa. Mwili uliotiwa hofu ya ukame huweka ghala. Mtu wa Adu haambiwi hilo. Sisi mvua ikikosa mwaka mmoja, mwaka unaofuata hakuna anayegawa mahindi yake ovyo.

Nyonga ilipopona nilikwenda Barani bila kuitwa, nikafika sinia linatengwa. Mtu akifika chakula kinatengwa hana ujanja, anakaa. Athmani alininyooshea maji ya kunawa kwa adabu, uso umefungwa.

"Leo daktari amekuja kutupimia matonge," akasema.

"Mimi si daktari."

"Basi afadhali. Kula."

Nikala, na nilipokuwa nakula nikatazama. Ingalikuwa bora ningalianza hivi tangu mwanzo, na ninyi anzeni hivi: kaeni chini, nyamazeni, mle. Kilima cha wali kilichopikwa kwa tui la kasimile, lile zito la mkamuo wa kwanza. Mchuzi wenye viazi vinne na samaki mmoja aliyegawanywa kwa watu sita. Kachumbari kwenye kibakuli kidogo kama dawa ya macho. Athmani ni mwashi, anashinda juani akibeba mawe, kilima kile alikihitaji na jioni kilikuwa kimeisha mwilini. Bi Zuhura alikuwa anakula kilima hichohicho, kisha anakwenda kukaa.

Nikawaambia hivyo, bila karatasi. Nikasema wali si adui wa mtu, ila mama hana mawe ya kubeba. Athmani akauliza kama nataka mamake arudishwe pembeni watu waseme tena. Bi Zuhura akamjibu kabla yangu kwamba pembeni harudi, na kopo hataki kuliona, na akifa na afe siniani.

Kisha Mwanaidi, ambaye kwa desturi hasemi mbele ya mumewe akiwa na hasira, akauliza polepole, "Kwani sinia zima lazima liwe wali?"

"Sinia bila wali ni ungo," akasema Bi Zuhura.

"Si bila wali, mama. Wewe ndiye unayewafundisha watoto mtu ale mbele yake, asitembeze mkono upande wa mwenzake."

"Ndiyo adabu."

"Basi mbele yako nikiweka mchicha na samaki, na wali kidogo, na kilima nikakisogeza mbele ya Athmani, nani atakayetembeza mkono?"

Bi Zuhura alilitazama sinia kwa muda kama mtu anayetazama kiwanja. Akanyoosha kidole akachora mpaka kwenye wali, mbele yake.

"Hapa," akasema. "Ukipita hapa umenionea."

Ulikuwa mpaka mpana kuliko nilivyotaka. Nikamwomba ausogeze, akausogeza kwa upana wa kidole, nikaomba tena, akaniambia nile. Athmani akacheka, mara ya kwanza siku ile, akasema hata kesi za mashamba hazina mvutano huu. Nikakubali. Mpango mzuri kidogo unaofuatwa kila siku unaushinda mpango mzuri sana unaofuatwa Jumatatu.

Mengine tuliyapanga taratibu. Wali ukapikwa kwa tui jepesi la mkamuo wa pili, na kasimile ikabaki ya Ijumaa. Viazi vikatoka kwenye mchuzi zikaingia bamia na biringani. Siku ambayo kiazi kimeingia, wali unapungua kwa kadiri yake. Mbaazi za asubuhi hatukuzigusa, kwa sababu mbaazi zinashibisha na kukaa tumboni, ila tui lake likapunguzwa, na mahamri yakawa mawili, ya kula, si ya kuonja. Akitaka muhogo saa nne, ale, lakini aniambie mchana atapunguza nini. Tulikuwa tunabadilishana, si kuongeza wala kunyima. Na akishamaliza swala ya alasiri anatembea uani, kwanza mara chache, mkono ukutani.

Kupungua kulikuwa kwa pole mno. Kuna wiki mizani haikusogea, akaitukana. Kuna harusi ya wiki nzima iliyoturudisha nyuma, nami sikusema neno, harusi ni harusi. Ukaja mwezi wa Ramadhani, akadhani kufunga kutafanya kazi yote, na nikamwonyesha meza ya futari: viazi vya nazi, muhogo wa nazi, tambi za sukari, kaimati. Ukoo mzima umekuja, nikamwambia, na mwenye nyumba mmoja. Akachagua mmoja wa kumkaribisha kila jioni, wengine wakaja kwa zamu.

Watu wa mtaa nao hawakunyamaza. Huku kwetu mtu akinenepa anapongezwa, akipungua anahurumiwa. Umekonda, una nini? Wanakutesa? Bi Rukia alimuuliza hayo uani mbele ya Mwanaidi, kwa sauti ya kusikika. Bi Zuhura akamjibu, "Kesho njoo ule kwetu, uone ninavyoteswa." Akaja. Akakuta sinia moja, watu wote wamelizunguka, mama amekaa mahali pake pa siku zote. Akala mpaka akalegeza kanga. Alipokuwa akiondoka alimuuliza Mwanaidi zile biringani amezitia nini. Tangu siku ile Mwanaidi hakusemwa tena kwa jambo hilo, na kwangu mimi huo ulikuwa ushindi kabla ya mizani.

Nilipoleta vipimo vyake vya miezi yote ile, mwenye kliniki alivitazama akasema kupungua ni kudogo, hakutauza. Kisha akafikiri, akasema hata hivyo mama ana uso mzuri, tumpige picha ameshika kopo.

Nilivua koti nikaliweka juu ya mizani. Watu wananiuliza mpaka leo kwa nini niliacha kazi yenye mshahara kwa sababu ya picha. Nawauliza nao: mngemshikisha mama yenu kopo lililomwangusha? Wananiambia ninapinga kila kitu. Sawa. Mtu aliye na njaa ya kupona anaamini chochote, kwa hiyo anayemhudumia hana ruhusa ya kuamini chochote. Ndiyo maana nawaandikia ninyi. Mkipewa kopo muulize waliolinywa wako wapi sasa. Mkipewa karatasi muulize nani aliichora. Mkisikia wanga ni sumu, muulize Athmani angejenga kwa nguvu gani.

Baada ya muda Mwanaidi akanipigia simu. Mama anakutaka, akasema, uje adhuhuri. Nikadhani ameanguka tena, nikaenda mbio.

Nilimkuta amekwisha kutawadha. Kiti cha plastiki kilikuwa kimesogezwa ukutani na mkeka umetandikwa katikati ya chumba. Aliniambia nikae mlangoni, nisimsaidie hata akipiga kelele, na Mwanaidi vilevile. Akaanza.

Aliporukuu alishika magoti yake kwa mikono miwili, sawasawa. Akainuka. Kisha akashuka, mkono mmoja kwanza, goti moja, la pili likalia kama mlango mkongwe. Na paji la uso likafika chini.

Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mwanaidi alinyanyuka, nikamshika kanga. Hatukujua kama ameshindwa kuinuka au anazungumza. Kisha viganja vikasukuma mkeka, mgongo ukapanda, akakaa. Akasujudu tena. Kusimama ndiko kulikomtoa jasho, lakini alisimama peke yake, na hakuhitaji ukuta.

Alipomaliza na kutoa salamu nilikuwa nimesahau kila kitu isipokuwa tabia ya kazi. Nikamuuliza sasa ana kilo ngapi.

"Wewe bado tu na kilo zako," akasema, akikunja mkeka. "Mwanaidi, kiti hicho kitoe barazani. Rukia akija apate pa kukaa."